Mtoto anayelemewa na hesabu arudishwe pale alipopotelea

Mhariri,

Kila likizo ikikaribia, wazazi wengi hapa Nairobi hununua kitabu cha mazoezi ya Hisabati cha gredi ambayo mtoto ataingia mwaka ujao, wakampangia saa mbili kila asubuhi. Wiki ya pili haijaisha, mtoto analia, mzazi amepaza sauti na kitabu kimeachwa ukurasa wa tisa. Wapo pia waliochoka kabisa, wanaotaka kumtoa mtoto shuleni wamfundishe wenyewe nyumbani. Nawaandikia wote hao, kwa kuwa kosa lao ni moja. Mtoto wa Gredi ya 5 anayeshindwa na sehemu (nusu, robo na kadhalika) au kugawanya, mara nyingi hakupotelea Gredi ya 5. Alipotelea Gredi ya 1 au ya 2, akaendelea kupanda kwa kukariri, na sasa kukariri kumefika kikomo. Kumwongezea hesabu za Gredi ya 5 ni kumtwika gunia mtu aliyeteguka mguu.

Basi kabla ya kununua chochote, tenga nusu saa ya kumsikiliza. Usimpe alama, usimsahihishe, na kila anapojibu muulize "umepataje?" hata kama amepata. Mwambie ahesabu kwa kurudi nyuma kutoka 32 hadi 18. Wengi hukwama kwenye 30: wananyamaza, au wanaruka hadi 20. Mtoto huyo anazijua nambari kama anavyojua wimbo, ila hajui kwamba 30 ni makumi matatu. Kisha weka vifuniko vinne vya soda mezani, umwonyeshe kwa muda wa kupepesa jicho, uvifunike kwa kiganja. Mtoto aliyeanza shule ya msingi hutambua vinne bila kuvihesabu kimoja kimoja. Asipoweza hata baada ya kujaribu mara kadhaa, andika kwenye daftari la makosa yake.

Muulize 7 + 5 huku ukitazama vidole na midomo yake. Anayeanza kuhesabu kutoka moja hadi kumi na mbili yuko ngazi ya chini. Anayeanzia saba na kuendelea mbele amepanda. Anayesema "saba na tatu ni kumi, zimebaki mbili" ndiye aliye tayari kwa hesabu kubwa. Wote watatu watajibu 12 na wote watapata alama ya ndiyo daftarini, ndiyo maana daftari pekee halimwambii mzazi kitu.

Mtajie "mia mbili na tano" aandike. Akiandika 2005, ameandika alichosikia: 200, kisha 5. Mpe 52 kutoa 27. Akipata 35, ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa katika kila safu bila kujali ipi iko juu. Mwisho mwandikie 8 + 4 = __ + 5. Atakayejaza 12 anadhani alama ya usawa maana yake ni "andika jibu hapa". Hajui kwamba pande mbili zinapaswa kulingana, kwamba pale panahitajika 7. Kosa hili dogo ndilo litakalomwangusha aljebra ikifika.

Pale alipokwama kwa mara ya kwanza ndipo masomo yaanzie, hata kama ni kazi ya Gredi ya 1 na mtoto ana miaka 11.

Kabla sijaingia kwenye vifaa, kuna jambo la lugha ambalo wazazi wa mjini hulipita. Vitabu vya Hisabati vimeandikwa kwa Kiingereza, na majina ya nambari kwa Kiingereza humchanganya mtoto anayesitasita. Nambari 13 hutajwa kwa kuanza na tatu, thirteen, na inasikika karibu sawa na thirty. Haishangazi kuona mtoto akiandika 31 au 30. Kwa Kiswahili "kumi na tatu" inajieleza yenyewe: kumi moja, na tatu juu yake. Tumieni lugha hiyo nyumbani bila aibu. Lakini Kiswahili nacho kina pazia lake. Ishirini, thelathini, arobaini na wenzake ni maneno yenye asili ya Kiarabu, hayamwonyeshi mtoto makumi mangapi yamo ndani. Kwa wiki mbili au tatu semeni "makumi mawili na tatu, yaani ishirini na tatu", mpaka jina na kiasi vishikane kichwani. Baada ya hapo ongezeni la Kiingereza, maana ndilo atakalokutana nalo darasani.

Vifaa ni vya bei ya chini. Tafuta vijiti 120 vya kuchokolea meno, ile mipira midogo ya kufungia noti kama 15, vifuniko 40 vya soda, trei moja tupu ya mayai na daftari la miraba. Trei ya mayai 30 ina safu 5 za mashimo 6. Ikate kwa makasi upate vipande vitatu, kila kimoja kikiwa na mashimo mawili kwa matano. Umepata fremu tatu za kumi. Mtoto akitia vifuniko 8 ndani ya fremu, anaona mawili yamebaki wazi, hahitaji kuambiwa kwamba 8 na 2 ni kumi. Jozi za kumi ni tano tu: 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5. Zikae kwanza. Kisha 8 + 5 ifanyike kwa fremu mbili: 8 huku, 5 kule, hamisha viwili vijaze ya kwanza, soma kumi na tatu. Siku atakapoanza kuhamisha kwa macho bila kugusa, ondoa fremu. Usiiondoe kabla ya siku hiyo kwa sababu tu jirani amesema mtoto mkubwa hachezi na trei.

Vijiti ni vya thamani ya nafasi, yaani kujua kwamba 5 iliyo ndani ya 52 ni makumi matano. Mtoto mwenyewe ahesabu kumi, afunge kwa mpira. Usimfungie, kwa sababu kule kufunga ndilo somo. Mafungu kumi yakifungwa pamoja yanakuwa mia. Sasa 52 − 27: anaweka mafungu 5 na vijiti 2. Anatakiwa kutoa vijiti 7, anavyo 2. Anafungua fungu moja, anabaki na mafungu 4 na vijiti 12. Anatoa 7, vinabaki 5. Anatoa mafungu 2, yanabaki 2. Jibu ni 25. Shuleni tumezoea kusema "kopa kwa jirani", na mimi naona neno hilo limewapoteza watoto wengi. Aliyekopa hurudisha, na hapa hakuna kinachorudishwa. Sema "vunja", kama mtu anavyovunja noti ya mia apate chenji. Mtoto wa Nairobi anajua kwamba mia iliyovunjwa haijapungua.

Panapoharibika ni kwenye kuvuka kutoka vijiti hadi tarakimu. Mzazi anatumia vijiti Jumatatu, Jumanne anaviondoa mezani na kuandika hesabu kwenye daftari, na mtoto anayachukulia kuwa mambo mawili yasiyohusiana. Kuna hatua katikati. Kwanza vijiti na maandishi vinakwenda pamoja: mkono ukifungua fungu, kalamu inakata 5 na kuandika 4 wakati huo huo, kitendo kimoja na alama moja. Halafu michoro: mstari wa wima kwa kila kumi, nukta kwa kila moja. Tarakimu peke yake huja mwisho, kila tarakimu ndani ya mraba wake, kwa kuwa safu zinazopinda huzalisha makosa ambayo si ya hesabu. Wiki mbili au tatu kwa kazi hii si kuchelewa. Mpime kwa 403 − 158. Hapo makumi ni sifuri, hakuna cha kuvunja, na ndipo wengi huandika 355. Anapaswa kuvunja mia moja iwe makumi kumi, kisha kumi moja iwe mamoja kumi: mamia 3, makumi 9, mamoja 13. Jibu ni 245. Akiweza kukueleza kwa mdomo kwa nini makumi yamekuwa 9, endeleeni mbele.

Tahadhari kuhusu sarafu: wazazi hupenda kuanza nazo kwa sababu ziko mfukoni. Lakini sarafu ya shilingi tano ni kitu kimoja machoni, haionyeshi tano ndani yake. Mtoto mwenye shida huihesabu kuwa moja. Sarafu zije baada ya vijiti.

Kuhusu kuzidisha, nasema wazi kwamba kumwimbisha mtoto jedwali zima kuanzia la pili hadi la kumi na mbili ni kumchosha bure. Mpeleke kwa mama mboga. Nyanya zimepangwa mafungu, kila fungu nyanya nne. Mafungu 3 ya nyanya 4 ni 12. Mafungu 4 ya nyanya 3 ni 12 vilevile. Akishaelewa kwamba ukigeuza jibu halibadiliki, zile hesabu 100 za 1 hadi 10 zinapungua hadi 55. Jedwali la 1 na la 10 halina kazi. La 2 ni kuongeza mara mbili, la 5 ni nusu ya la 10. La 4 ni mara mbili ya mara mbili: 4 × 7, saba mara mbili ni 14, mara mbili tena ni 28. La 9 ni la kumi ukitoa moja: 9 × 7 ni 70 toa 7, yaani 63. Zinazobaki ni kumi tu: 3 × 3, 3 × 6, 3 × 7, 3 × 8, 6 × 6, 6 × 7, 6 × 8, 7 × 7, 7 × 8 na 8 × 8. Mwonyeshe orodha hiyo. Mtoto aliyedhani anakabili mlima anaona kilima. Mpe tatu kwa wiki, kila moja kwenye kadi, na kila moja awe na njia ya kuifikia akisahau: 7 × 8 ni 5 × 8 pamoja na 2 × 8, 40 na 16, yaani 56. Kadi aliyoijua leo irudi baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Kadi isiyorudi husahaulika, na mzazi hudhani mtoto hana kumbukumbu.

Mwenye bao nyumbani asiliache darini. Ubao una safu 4 za mashimo 8, ni 4 × 8 iliyochongwa, na kugawa kete shimo kwa shimo kunamfundisha mtoto kutazama mbele na kukadiria atakapoishia.

Sehemu ndizo zinazowashinda wengi, hata waliofaulu yote yaliyotangulia. Mtoto huona ¼ ni kubwa kuliko ½ kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 2. Chapati inasaidia mwanzoni: igawe kwa watu wawili, kisha nyingine ya ukubwa ule ule kwa wanne, aone anayekula kidogo ni nani. Lakini chapati ina mwisho wake, kwa kuwa kukata duara vipande vitatu au sita vilivyo sawa ni vigumu, na mtoto akibaki na duara peke yake anashindwa kuona sehemu kwenye mstari. Baada ya siku mbili za chapati, hamieni kwenye vipande vya karatasi vyenye urefu wa sentimita 24, upana wa kama 3. Nimetaja 24 kwa sababu inagawika vizuri: nusu ni sentimita 12, theluthi ni 8, robo ni 6, sudusi ni 4, thumni ni 3. Tengeneza kipande kimoja kizima, na kwa kila aina ya sehemu kata kipande kingine, kila aina kwa rangi yake, bila kuandika nambari juu yake kwa siku za kwanza. Mtoto alinganishe kwa kupanga: robo mbili zinalala sawasawa na nusu, sudusi mbili zinalala sawasawa na theluthi.

Hapo ndipo kosa maarufu, ½ + ⅓ = ²⁄₅, linapoweza kuvunjwa bila ugomvi. Mwulize tu: ulikuwa na nusu, ukaongezewa, umebaki na chini ya nusu? Kisha apange nusu na theluthi mwanzo kwa mwisho. Urefu ni sentimita 20. Atafute rangi moja inayojaza urefu huo bila kubaki: robo hazitoshei, thumni hazitoshei, sudusi tano zinatosha kabisa. Jibu ni ⅚, na mtoto ameona mwenyewe kwa nini tunatafuta asili moja, yaani nambari ya chini iliyo sawa, kabla ya kujumlisha. Akifundishwa "tafuta asili ya pamoja" kabla ya kupanga karatasi hizi, ataifuata kanuni wiki mbili na kuisahau ya tatu.

Hesabu za maneno zina mtego wake. "Amina ana maembe 12. Ana maembe 5 zaidi ya Otieno. Otieno ana mangapi?" Mtoto akiona "zaidi" anajumlisha, anaandika 17. Amefundishwa kuwinda neno badala ya kusoma habari. Asome mara ya kwanza na kusimulia bila nambari: ni nani mwenye mengi? Mara ya pili achore mistari miwili, wa Amina mrefu, wa Otieno mfupi, na ile tofauti aandike 5. Mara ya tatu ndipo achague tendo. Saba linajitokeza lenyewe kwenye mchoro.

Saa nayo: mama akisema saa mbili, mshale uko kwenye 8, na kitabu cha shule kinasema nane. Mfundishe kwa saa ya ukutani kwa lugha moja kwanza, kisha mwonyeshe kwamba tofauti ni sita daima.

Muda wa somo ni dakika 20, siku tano kwa wiki. Saa mbili za Jumamosi hazilingani nazo, kwa maana kinachojenga ni kurudia baada ya kupumzika. Dakika 3 za jana, 10 za jipya, 5 za kuchanganya, na za mwisho kitu anachokiweza, ili ainuke akiwa na nguvu. Ukiuliza, nyamaza uhesabu kumi moyoni kabla ya kumsaidia. Weka mbali saa ya kumpima kasi. Mtoto mwenye hofu anatumia nafasi ile ile ya akili kuogopa ambayo angeitumia kushikilia nambari, hivyo kumfokea kunamfanya ashindwe kweli na jambo alilolijua dakika moja iliyopita. Na baada ya safari ya jioni kwenye matatu na msongamano wa Jogoo Road, saa mbili usiku si saa ya sehemu. Alfajiri au Jumapili mchana ni bora.

Ikiwa mmefanya hivi kwa uaminifu miezi mitatu au minne, na mtoto bado hatambui vifuniko vinne bila kuhesabu, bado anasahau jozi za kumi kila asubuhi, bado hajui kati ya 68 na 86 ipi kubwa, msimwite mvivu. Kwanza apimwe macho na masikio. Kisha atathminiwe. Ipo hali iitwayo diskalkulia, yaani ugumu wa kujifunza unaohusu nambari, ambayo wataalamu hukadiria huwapata watoto kati ya 3 na 7 katika kila 100, na haihusiani na uchache wa akili. Mtoto huyo huyo anaweza kuwa msomaji hodari. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iko hapa Kasarani na hufanya tathmini, na vipo pia vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vinavyosimamiwa na Wizara ya Elimu. Nenda na daftari la makosa ulilokuwa ukiandika. Litafaa zaidi kuliko ripoti ya muhula.

Kwa anayetaka kumtoa mtoto shuleni kabisa: Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Zungumza na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako kabla ya kufanya uamuzi, na uulize mapema mtoto atasajiliwa wapi kwa KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6. Mara nyingi dakika 20 za nyumbani, mtoto akiwa bado shuleni, zinatosha.

Na kwa walimu wenzangu, ombi moja. Mzazi akirudishiwa daftari lenye 12 kwa 30 na mikato mekundu, hajui afanye nini isipokuwa kugomba. Mwandikieni kosa lenyewe: "katika kila safu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa", au "anaandika mia mbili na tano kama 2005". Ni mstari mmoja, na jioni hiyo hiyo mzazi anaweza kutoa vijiti mezani na kuanza.

Mwalimu wa Hisabati,
Umoja, Nairobi